Gari Lisilo na Mnunuzi

Nimepewa fursa ya kuzungumza nanyi wasikilizaji juu ya elimu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa ufundi, mtu ambaye umri wake wa kazi umepita baina ya jiriwa na ubao wa chaki, yumkini mnatazamia kwamba nitaanza kwa kuwalaumu wazazi, kisha niilaumu serikali, kisha nimalizie kwa kuomba vifaa. Na hayo yote nina haki ya kuyasema, wala sikatai kwamba baadhi yake nitayasema kabla ya muda wangu kwisha. Lakini jambo ninalotaka hasa kulieleza usiku huu ni jingine, nalo ni jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kipuuzi: ya kwamba mafunzo ya ufundi katika nchi zetu yamepungukiwa na kitu ambacho si fedha wala mashine, bali ni kazi isiyo na mnunuzi, kazi ambayo mtu huifanya kwa hiari yake na kwa mapenzi yake baada ya kazi ya riziki kwisha; na mfano wake ulio bora kuliko yote niijuayo ni ile kazi ya mtu kujiundia gari.

Kwanza natuitazame hadhi ya ufundi machoni pa watu. Alipata kunijia mzazi mmoja, bwana mstaarabu mwenye duka la vitambaa, akamshika mwanawe bega akanambia, "Mwalimu, huyu kichwa chake hakishiki kitu, nakuachia wewe umpe nyundo." Hakukusudia kunivunjia heshima, tena alinena kwa upole na unyenyekevu, kama anenavyo mtu aombaye msaada, lakini ndani ya maneno yake mlikuwa na dhana ambayo nimeikuta kwa matajiri na maskini, kwa waliosoma na wasiosoma, kwamba nyundo hushikwa na mkono peke yake ilhali kichwa kimebaki nyumbani. Mtu huyo huyo, gari lake linapozimika njiani na mvua inanyesha, humwita fundi asiyemjua, akasimama nyuma yake akimtazama jinsi anavyosikiliza injini, jinsi anavyokata shauri kwamba kasoro si ya mafuta bali ni ya umeme, jinsi anavyoifuata kasoro hiyo waya baada ya waya mpaka akaipata. Na hiyo ni kazi ya akili tupu, kwani mikono bado haijagusa spana. Gari likiwaka, bwana humlipa fundi, humshukuru, na huenda zake akiamini vile vile kwamba amesaidiwa na mtu ambaye kichwa chake hakishiki kitu.

Na ajabu ni kwamba watoto wetu huja duniani hawana dhana hiyo. Nendeni Likoni, nendeni Kisauni, hapa Mombasa, au katika kijiji chochote cha bara, mtamkuta mtoto wa miaka minane au tisa anasukuma gari la waya alilolitengeneza mwenyewe: bodi imesukwa kwa waya uliookotwa penye jengo linalojengwa, magurudumu yamekatwa kutoka katika nyayo za ndara kuukuu, na ufito mrefu umetoka mbele ukapanda mpaka kifuani pake, na juu yake mna usukani, ili aende nyuma ya gari akiliendesha bila ya kuinama. Litazameni gari hilo linapokata kona. Magurudumu mawili ya mbele yakigeuka kwa kiasi kimoja sawasawa, lile la ndani huburuzwa, kwa sababu hulazimika kupita duara dogo kuliko la nje. Nami nimewaona watoto walioliona hilo kwa macho yao, wakavikunja vile vikono vya magurudumu viinamie ndani kidogo, na gari likakata kona laini bila ya kuburuza. Shauri hilo lilivumbuliwa na Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi katika mji wa Munich, na wakala wake Rudolph Ackermann akalisajili London mwaka 1818, na mpaka leo wahandisi huliita kwa jina la Ackermann, kwani ndivyo ulimwengu ulivyo, mwenye kusajili hushinda mwenye kubuni. Mtoto wetu hakulisajili popote. Anachokipata aghalabu ni mwalimu wa darasa kuukuta waya katika mkoba wake, kuutupa dirishani, na kumwambia arudi katika hesabu zake, na hesabu yenyewe ya siku hiyo, kwa bahati, ni ya pembe.

Sasa nataka kuwachukua mbali kidogo, mpaka Uingereza, kwa sababu huko nimepata mfano unaotia haya. Katika mkoa wa Northamptonshire iko skuli moja kongwe iitwayo Oundle, ambayo tangu karne ya 16 imekuwa chini ya udhamini wa chama cha wafanyabiashara wa London wauzao vyakula, na watoto wasomao humo ni wa watu wenye uwezo, kwani ada yake si ya kila mtu. Mwaka 1892 alitiwa mkuu wa skuli hiyo bwana mmoja jina lake Frederick William Sanderson, mtu aliyezaliwa katika hali ya kawaida huko Durham, kulikokuwa kukichimbwa makaa, na ambaye hapo kwanza alikuwa amefundisha uhandisi katika skuli ya Dulwich. Alipofika Oundle alikuta Kilatini na Kiyunani vimekalia kiti cha enzi peke yao. Hakuvifukuza, lakini akajenga karakana, akajenga kalibu ya kumiminia chuma, maabara, shamba la majaribio, na akaweka kanuni kwamba wavulana waende karakana kwa zamu, awe mtu ni hodari wa mashairi ya Homer au hodari wa kemia, na wafanye kazi kwa makundi, kwa sababu aliamini kwamba watoto hujifunza vyema zaidi wanaposhirikiana kuunda kitu kuliko wanaposhindana kunyang'anyana nafasi. Vita Kuu ya kwanza ilipotokea, karakana hizo za watoto zilitengeneza vipande vya silaha. Sanderson alikufa mwaka 1922, London, mara tu baada ya kutoa hotuba mbele ya jamii ya watu wa sayansi, na mwenyekiti wa mkutano huo alikuwa H. G. Wells, yule mwandishi mashuhuri, ambaye wanawe walisoma Oundle, na ambaye miaka miwili baadaye alitoa kitabu kizima cha kueleza maisha ya mwalimu huyo.

Ninalotaka mlizingatie hapo ni hili. Kule, tupa na randa zilipelekwa kwa watoto wa mabwana, wale ambao kesho watakuwa mawakili na mawaziri na wenye viwanda, kwa imani kwamba asiyepata kuunda kitu hafai kuwaamuru waundao. Huku kwetu tupa na randa zimewekwa mwisho wa njia, ziwe faraja ya aliyeanguka mtihani. Kisha twauliza kwa nini wakubwa wetu hawajui bei ya kazi, wala hawatambui daraja lililojengwa vibaya mpaka lianguke.

Naona sitakuwa nimemaliza habari ya Oundle nisipomtaja mtu mmoja zaidi. Katika karakana za skuli hiyo hiyo, miaka mingi baada ya Sanderson, alifundisha Ron Champion, na mwaka 1996 akatoa kitabu cha kumfunza mtu wa kawaida kujiundia gari la michezo kwa paundi 250. Gari lenyewe umbo lake alilifuatisha katika Lotus Seven, ambalo Colin Chapman alilitoa mwaka 1957. Naye Chapman pia, kabla jina lake halijajulikana, alikuwa kijana anayesomea uhandisi University College London, aliyelianza gari lake la kwanza mwaka 1948 katika banda la nyumbani kwa wazazi wa mchumba wake, akitumia mzoga wa Austin Seven. Lotus Seven liliuzwa hasa kwa vipande, kwa kuwa sheria ya siku hizo ilitoza kodi ya ununuzi gari lililokamilika na ikaviacha vipande. Na husimuliwa kwamba, kwa vile haikuruhusiwa kumpa mnunuzi maelezo ya kuunga, aliandikiwa maelezo ya kufungua, naye akayasoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Champion alikwenda mbele zaidi, akamwambia mtu asinunue hata hivyo vipande: nunua Ford Escort kuukuu iliyooza bodi, utoe injini, giaboksi, ekseli ya nyuma na breki, kisha chukua vyuma vya mraba vya inchi moja, uvikate kwa msumeno kwa vipimo nilivyokuandikia, uvichomelee. Watu wengi wakafanya hivyo, wakiwamo makarani na madereva na wastaafu, mpaka yakaanzishwa mashindano yao maalumu ya magari ya namna hiyo.

Kitabu hicho kilipofika mikononi mwangu nilikipeleka karakana, nikakiweka mezani, nikawaambia vijana kwamba atakaye abaki Jumamosi. Escort kwetu zimekuwa adimu, lakini mizoga ya pikapu za Datsun 1200 bado imo katika viwanja vya vyuma chakavu, na mpango wake ni ule ule, injini mbele na msukumo nyuma. Tukapata ubao mpana, tukauchora kwa chaki umbo la fremu kwa ukubwa wake wa kweli, tukapigilia vijiti vya mbao kandokando ya mistari ili vyuma visitoroke, na kazi ikaanza. Hapana alama katika kazi hiyo, hapana mtihani, wala hapana mteja anayengoja nje. Na ni katika kutokuwapo kwa vitu hivyo vitatu ndipo nilipoyaona mambo ambayo katika darasa langu la kila siku yalikuwa yamefichika.

Nitawapeni moja tu. Alikuwako kijana mmoja, mtoto wa mvuvi wa Mtongwe, mkono wake katika kuchomelea ni mkono wa kipaji. Mshono wake hulala juu ya chuma umepangika kama magamba ya samaki, wala hana mwenziwe darasani. Nasi tulikuwa tumewaambia wote kwamba chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa hujivuta, kwa hiyo fremu hushikizwa kwanza kwa vidonda vidogo vidogo vya moto katika viungo vyote, kisha mtu huchomelea kidogo huku, akahamia upande wa pili, akarudi, ili mvuto wa upande mmoja uondolewe na mvuto wa mwingine. Yeye alipoona mshono wake unatoka mzuri, mapenzi yakamzidi, akaumaliza upande mzima wa kushoto kwa pumzi moja. Jioni ile kila mtu alikuja kuutazama, na kweli ulipendeza. Jumamosi iliyofuata, kabla ya kuendelea, tukapima fremu kama ipimwavyo: futi kamba kutoka pembe ya mbele kushoto mpaka pembe ya nyuma kulia, kisha kutoka mbele kulia mpaka nyuma kushoto, na vipimo viwili hivyo havina budi kuwa sawa, ama sivyo mraba wako si mraba. Vilipishana kwa upana wa kidole. Kijana akapima tena. Akampa mwenziwe apime. Akachukua nyundo kubwa akajaribu kuirudisha, fremu ikanesa na kurejea palepale. Mwishowe akauliza, na sauti yake sikuipata kuisikia kabla, "Mwalimu, tukiacha hivi itakuwaje?" Nikamwambia ekseli ya nyuma itakaa upande, gari litakwenda kama kaa wa pwani, na atakayekaa humo ni wewe. Akachukua grenda, akaukata mshono wake wote mzuri, cheche zikiruka mpaka mlangoni.

Sasa nawaombeni mfikiri. Mshono ule ule, kama ungalifanywa katika mtihani, ungalipata alama zote, kwa sababu mtihani humpa mtahiniwa vipande viwili vya bati avichomelee, na mtahini hutazama mshono. Hapana mtahini apimaye pembe kwa pembe, kwa kuwa vipande viwili vya bati havina pembe. Kijana angalitoka na cheti kizuri, na kosa lake angalikwenda nalo katika lango la kwanza la mteja, na katika tela la kwanza, na mteja angalilipa. Gari la ridhaa lilimsahihisha bila ya mwalimu kumkemea, bila ya fedheha ya kutangazwa mbele ya wenzake, na kwa hukumu ambayo haina upendeleo wala rufani; na tangu siku ile sijapata kumkumbusha jambo lolote la vipimo, bali ni yeye anikumbushaye mimi.

Hapa sina budi kusema neno juu ya sisi mafundi wenyewe, maana si insafu kuwalaumu watu kwa kutudharau bila ya kukiri kwamba sehemu ya dharau hiyo tumeipalilia kwa mikono yetu. Fundi wa pwani ana maradhi mawili, la kwanza ni "njoo kesho", na la pili ni "haitaonekana". La kwanza limekwisha kuwa mzaha wa mji, nami sitalirefusha. La pili ni la khatari zaidi. Nati imekosa uzi, "haitaonekana"; waya umeungwa kwa kufungwa kitambaa, "haitaonekana"; kutu imezibwa kwa sabuni kisha ikapakwa rangi, "haitaonekana". Neno hilo huwa na maana pale tu palipo na mtu wa pili wa kufichwa. Lakini aundaye gari lake mwenyewe, ambalo atalipanda yeye na mkewe na wanawe, amfiche nani? Nimewasikia vijana wangu, wale wale ambao katika kazi ya darasa hunong'onezana kwamba haitaonekana, wakibishana Jumamosi saa nzima juu ya paipu moja ya breki, ipite juu ya fremu au chini yake, kwa sababu ya chini yaweza kupigwa na jiwe. Sikuwafunza uaminifu, na wallahi sijui kama uaminifu wafunzika kwa ubao.

Yatasemwa, na najua yatasemwa kwa sababu nimekwisha kuyasikia baraza la kahawa, kwamba hayo ni mambo ya watu walioshiba, na kwamba kijana wa Kongowea hana nafasi ya kuchezea vyuma siku ya Jumamosi, atafute kibarua ale. Hoja hiyo ni nzito, na mtu akinambia kwamba anayo njaa sitamjibu kwa hadithi ya Colin Chapman. Lakini nakataa kukubali kwamba kazi ya ridhaa ni desturi ya ugenini. Watu wa kisiwa hiki na wa Lamu wameshindana kwa mashua tangu zamani bila ya kupewa mshahara, na nahodha atakaye kushinda huketi wiki nzima akibadilisha tanga na kusogeza mlingoti kwa inchi. Watoto wao huunda ngalawa ndogo za kuchezea zenye mirengu na tanga, nazo hukimbia maji kwa upepo wa kweli, na kati ya watoto hao ndimo watokeamo mafundi wa jahazi. Hapana aliyesema kwamba ni anasa. Anasa, kwa maoni yangu, ni kumpeleka kijana miaka miwili katika chuo, ukamlisha, ukamwekea mashine, kisha akatoka hajapata kuona kitu kimoja kizima alichokianza yeye na kukimaliza yeye.

Wala si kwamba nchi hazikujaribu. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kusudi lake lililotangazwa lilikuwa kumtia mtoto ujuzi wa mikono tangu skuli ya msingi, na wazazi wakachanga kwa harambee kujenga karakana. Baadaye masomo hayo yakaonekana mzigo, mitaala ikapunguzwa, na karakana nyingi zikawa ghala za madawati yaliyovunjika, madawati ambayo, laiti karakana zingalitumika, yangalitengenezwa humo humo. Tanzania ilikuwa imetangulia, kwani Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka skuli iwe na shamba na karakana yake. Na lile lilikuwa wazo kubwa, ijapokuwa mahali pengi liliishia katika jembe, na jembe likageuka adhabu ya wachelewao kufika. Na hapa Mombasa tulikuwa na chuo cha MIOME, kilichojengwa kwa misaada ya Aga Khan na ya Sultani wa Zanzibar na ya jamaa wengine, na masomo yake yakaanza mwaka 1951, kwa ajili ya kuwafunza vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki umeme, uhandisi, ubaharia na kazi za mbao. Kikaja kuwa taasisi ya ufundi, kikawa polytechnic, na sasa ni chuo kikuu. Nafurahi kwa ajili ya chuo kikuu, na natamani wanangu wasome humo. Lakini naona katika safari hiyo, na katika safari za vyuo vingi kama hivyo, kwamba kila tunapotaka kukipa heshima chuo cha ufundi tunakipa kwa kukiondolea ufundi.

Kisha kuna lile gari la Nyayo. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, wahandisi wakajitahidi, yakapatikana magari matano ya majaribio, yakaonyeshwa kwa hadhara mwaka 1990, na kiwanda kilichokusudiwa kuyafuata hakikufika popote. Watu hulicheka gari hilo, nami sicheki, kwa sababu kila aliyewahi kulinganisha milango miwili ya gari ikafunga sawa anajua taabu waliyoipata wenzetu wale. Nalitazama kwa jicho jingine. Gari lile liliagizwa kutoka juu kabla ya kuwako chini watu elfu waliopata kuunda magari mabaya katika nyua zao. Uingereza haikuamka asubuhi moja ikajikuta na makundi ya mbio za magari yanayoshinda dunia. Ilitanguliwa na Charles Cooper na mwanawe John katika gereji yao ya Surbiton, na Chapman katika banda lake, na mamia ya watu ambao majina yao hayajulikani, waliokesha wakiikata Austin Seven na kuiunga upya. Nasi tunao wa namna hiyo. Kila baada ya miezi gazeti hutuletea picha ya kijana wa kijijini aliyeunda gari, au hata ndege, kwa vyuma chakavu. Husifiwa siku moja, waheshimiwa hupiga naye picha, kisha hutokea afisa akamwuliza kibali, na kijana akarudi kuuza viatu.

Juu ya jambo hilo la kibali, sitaki nieleweke vibaya. Breki mbovu huua, na gari la nyumbani lisilokaguliwa halistahili kuwekwa njiani pamoja na watoto waendao skuli. Uingereza yenyewe iliweka ukaguzi maalumu wa gari moja moja mwaka 1998, wa kupima magari ya namna hii mikanda yake, taa zake, moshi wake na ncha zake zinazoweza kumjeruhi mtu. Tafauti ni kwamba ukaguzi huo humchukulia mtu aliyeunda gari kuwa raia mwenye haki ya kujaribu, akiambiwa kasoro zake kwa maandishi, aende akazirekebishe, arudi. Mlango ni mwembamba, lakini upo. Penye mlango mwembamba vijana hujifunza kujipima kabla ya kuingia. Pasipo na mlango kabisa, hujifunza kuruka ukuta.

Nimeambiwa muda unakaribia, nami nilitaka kusema juu ya wasichana, ambao Jumamosi zetu walikuja kwa kutazama na sasa wawili wao ndio waliokabidhiwa umeme wote wa gari, kwa sababu ndio pekee walio na subira ya kuandika kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Mama wa mmoja alinijia akitaka kujua kama mwanawe ataolewa akiwa ananuka grisi. Nikamwambia, "Bi mkubwa, atanuka sabuni kama sisi sote, ila gari la mumewe halitalala njiani." Akacheka, na mtoto akaachiwa aendelee.

Wengi huniuliza gari limefika wapi. Limefika mahali ambapo linasimama juu ya magurudumu yake manne, usukani unageuka, injini inawaka ingawa inapiga chafya, na halijakwenda hatua moja kwa nguvu zake, kwa kuwa propela shafti ya Datsun ni ndefu mno kwa fremu yetu, nayo haina budi kukatwa, kuungwa na kusawazishwa katika mashine, kwani isiposawazishwa itatikisa gari mpaka nati zifunguke. Mashine ya kusawazishia sisi hatuna. Yeyote anisikilizaye mwenye kuijua karakana iliyo nayo, hata ikiwa ni Nairobi au Tanga, atuletee habari kwa mkuu wa kipindi hiki, na aseme pia bei yao, kwa sababu vijana wameanza kuchanga na wangependa kujua wanachanga mpaka lini.